Kuzijua nyota ukiwa pwani: anza na Kilimia

Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha. Jahazi lake lilibeba nazi na boriti baina ya Pangani, Unguja na Mombasa. Nilipokuwa na miaka tisa alinikalisha juu ya mkeka chini ya mivinje, akanishika kidevu na kukigeuza kuelekea baharini. "Usiangalie nyota zote, mjukuu wangu. Ukiziangalia zote hutaiona hata moja. Tafuta kile kishada." Mwanzo nilikiona kama moshi, halafu kama shanga zilizomwagika mahali pamoja. Kilikuwa ni Kilimia. Nimefundisha jiografia miaka kumi na saba sasa, na mtu akiniuliza aanzie wapi, bado namwanzisha pale pale.

Naandika haya kwa sababu ramani na vitabu vingi vya nyota vinavyotufikia vimetungwa na watu wa nchi za kaskazini kwa anga la kwao. Ukurasa wa kwanza unakwambia utafute Nyota ya Kaskazini. Pangani iko digrii tano na kidogo kusini ya ikweta, na nyota hiyo haichomozi kwetu hata usiku mmoja wa mwaka. Nimeshuhudia wanafunzi wakiitafuta wiki nzima, mwisho wakaamini macho yao ni mabovu. Inaniuma, kwa kuwa hakuna mahali pazuri pa kujifunzia nyota kuliko huku kwetu. Mtu wa London hauoni Msalaba wa Kusini mpaka asafiri. Mtu wa Cape Town halioni kundi la nyota la Dubu Mkubwa likiwa zima. Sisi tunaviona vyote viwili, na mwezi wa Mei tunaviona kwa wakati mmoja, kimoja kusini na kingine kaskazini, bila hata kunyanyuka mkekani.

Kabla ya kutoka nje

Unahitaji giza, subira na mkono wako mwenyewe. Mwezi mpevu ni mzuri kwa mengine, ila kwa nyota huziba. Toka siku ambazo mwezi umekonda au haujaandama. Macho huchukua dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza, na ukiwasha simu mara moja tu unaanza upya, kwa hiyo ifunge kioo kwa nailoni nyekundu. Mwanga mwekundu hauharibu macho yaliyokwisha kuzoea. Chukua kanga nzito au shuka, umande wa usiku wa manane si mchezo. Lala chali. Shingo ikichoka, akili haishiki kitu. Na siku umeme ukikatika mtaa mzima, usiharakishe kuwasha taa ya akiba. Toka nje kwanza na watoto.

Umbali wa angani tunaupima kwa digrii, na kipimo unacho. Nyoosha mkono mpaka mwisho: upana wa kidole kidogo ni kama digrii 1, ngumi ni digrii 10, shubiri ni digrii 20 na ushei. Kiganja cha mtoto ni kidogo lakini mkono wake nao ni mfupi, hivyo hesabu inakuja karibu sawa. Jaribu kwa mwezi mpevu: watu wengi hudhani hauwezi kufunikwa kwa ngumi, kumbe kidole kidogo kinaufunika na nafasi inabaki, maana upana wake ni nusu digrii tu. Manahodha wa Bahari ya Hindi walihesabu kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari kwa vidole hivyo hivyo. Ahmad ibn Majid, mwanamaji wa Julfar, bandari ya Uarabuni, wa karne ya 15, aliandika vipimo vyake kwa isba, yaani kidole.

Zoezi la dakika nne

Hili ndilo zoezi nililolipenda kuliko yote, na halina gharama. Kaa kibarazani, uegemeze kichwa ukutani na uweke alama ya chaki kichwa kilipogusa. Chagua nyota yenye kung'aa inayoelekea kuzama nyuma ya paa la jirani upande wa magharibi. Ikifichwa na bati tu, andika saa na dakika. Kesho keti pale pale, kichwa kwenye chaki, na uisubiri nyota ile ile.

Binti yangu alilifanya akiwa darasa la sita. Jumatatu aliandika saa 2:41 usiku. Jumanne, 2:37. Jumatano kulikuwa na mawingu. Alhamisi, 2:29. Akaniletea daftari akilalamika kwamba saa yake inakwenda mbio. Saa ilikuwa nzima. Nyota huwahi kwa dakika nne kila siku, na Jumatano ile ya mawingu nayo iliwahi dakika zake nne, ndiyo maana Alhamisi zilionekana nane.

Sababu ni hii. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56, na nyota hurudi mahali pake kwa muda huo. Lakini katika siku hiyo moja dunia imesogea pia kwenye njia yake ya kulizunguka jua, kwa hiyo inabidi igeuke kidogo zaidi ndipo jua lirudi pale lilipokuwa jana. Kule kugeuka zaidi ndiko kunakokula dakika nne, na siku yetu ya saa 24 ni siku ya jua. Dakika nne kwa siku thelathini ni saa mbili. Basi anga unaloliona leo saa nne usiku ndilo utakaloliona mwezi ujao saa mbili. Ukitaka kujua nyota za mwezi ujao, chelewa kulala kwa saa mbili. Miezi kumi na miwili mara saa mbili ni saa 24, na mwaka umetimia. Siku binti yangu alipoipiga hesabu hiyo mwenyewe alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, kumbe nyota ni kalenda."

Utaona na jambo lingine ukikaa hapo kibarazani: kwetu nyota hupanda wima kutoka baharini, kama ndoo inayovutwa kisimani, na upande wa pili hutumbukia wima vile vile. Ulaya hupanda kwa mshazari. Ndiyo maana picha za vitabuni huonyesha mwezi mchanga umesimama kama mundu, wakati wetu umelala chali kama dau juu ya maji. Usiugeuze mwezi ufanane na kitabu. Chora unachokiona.

Kilimia, kisha Jabari

Novemba, kiza kikishaingia, tazama baharini na uelekee kidogo kaskazini ya mashariki. Ngumi moja au mbili juu ya maji kuna kishada cha nyota ndogo zilizobanana. Macho ya kawaida huhesabu sita, makali zaidi saba na kuendelea. Hicho ni Kilimia. Ukikitazama moja kwa moja kinafifia. Tazama pembeni yake kidogo, kitang'aa. Sehemu ya katikati ya jicho inapenda rangi na mwanga mwingi, ila ya pembeni ndiyo inayoona gizani. Mbinu hii itakufaa kwa kila kitu hafifu angani.

Jina lake linatokana na kulima, na halikutoka hewani. Kikichomoza jioni ni msimu wa vuli na majembe yako shambani. Wazee walisema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Mwanzoni mwa Mei, katikati ya masika, huzama magharibi pamoja na jua na kupotea. Kinaporudi ni alfajiri za Juni, mvua imekwisha na kusi inavuma. Watu waliotunga msemo ule walikaa nje wakahesabu, mwaka baada ya mwaka.

Januari saa mbili usiku Kilimia kiko juu kabisa, na chini yake upande wa mashariki kuna nyota tatu zilizopangwa mstari mmoja, zilizo sawa kwa mwanga na kwa nafasi. Karibu kila mtoto wa Kiswahili amewahi kuzionyesha kwa kidole. Ni mshipi wa Jabari, ambaye ramani za simu humwandika Orion. Zijue vizuri, kwa kuwa zina faida mbili kubwa.

Faida ya kwanza ni dira. Mshipi huu uko karibu kabisa na mstari wa katikati ya mbingu, juu ya ikweta, kwa hiyo unachomoza mashariki hasa na kuzama magharibi hasa, popote ulipo duniani. Babu alisema ukiuona mshipi unagusa maji, hapo huhitaji dira.

Faida ya pili ni kwamba unakuongoza kwa nyota nyingine. Ufuate mstari wake kuelekea kusini-mashariki, shubiri moja, utakutana na nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Ni Shira, iliyotajwa ndani ya Qurani katika Surat An-Najm. Kwenye ramani utaikuta kwa jina la Sirius. Urudi upande wa pili, shubiri moja pia, utakuta nyota ya rangi ya machungwa, Aldebaran. Endelea kidogo, umerudi Kilimia. Aldebaran ni Kiarabu, maana yake yenye kufuata, na kweli hukifuata Kilimia usiku kucha. Rigel nayo, ile nyeupe yenye ubuluu upande wa kusini wa mshipi, ni rijl, mguu. Mtu aliyesoma madrasa anaelewa nusu ya majina ya mbinguni kabla ya kufundishwa.

Linganisha Rigel na Betelgeuse, ile nyekundu upande wa kaskazini wa mshipi. Rangi hapa ni joto. Chuma cha mhunzi kikianza kupata moto huwa chekundu, kikizidi huwa cheupe. Betelgeuse uso wake una digrii 3,000 na ushei, jua letu kama 5,500, Rigel inakaribia 12,000. Kila nikisimama chini ya Jabari nastaajabu kwamba jicho tupu, kutoka mkekani, linaweza kupima moto wa kitu kilicho mbali kiasi hicho.

Kusini kidogo ya mshipi kuna nyota tatu nyingine hafifu zilizoning'inia, na ya katikati ina ukungu. Itazame kwa pembeni. Ni wingu la gesi na vumbi ambamo nyota changa zinazaliwa, na mwanga wake umesafiri miaka kama 1,300 mpaka kukufikia.

Nyota ya umri wako

Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka mwezini hufika kwa sekunde moja na robo hivi, kutoka kwenye jua kwa dakika nane na ushei. Umbali unaokwenda kwa mwaka mzima huitwa mwaka wa nuru. Ukimwambia mtoto kwamba ni kilomita trilioni tisa na nusu, ameshalala. Mimi huwatafutia nyota ya umri wao. Shira iko miaka ya nuru 8.6, hivyo mtoto wa miaka minane na nusu anapoitazama anapokea mwanga ulioanza safari wakati yeye anazaliwa. Altair ni 17, hiyo ni ya kidato cha nne. Vega ni 25, Pollux 34, Arcturus 37. Mama yangu nilimpa Aldebaran, 65, usiku wa mwaka alipofika umri huo, na alikaa uani akiitazama mpaka chai ikapoa.

Babu alifariki akiwa na miaka sabini na tisa. Regulus, nyota kubwa ya kundi la Simba, iko miaka ya nuru 79. Hujitokeza vizuri jioni za Aprili. Kila Aprili naitafuta.

Msalaba, na ule usio wenyewe

Katikati ya Mei, saa tatu usiku, geukia kusini. Ngumi tatu juu ya upeo wa macho umesimama Msalaba wa Kusini: nyota nne zilizobanana, urefu wake hata haufiki ngumi moja. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali zinazouelekea. Ile iliyo mbali zaidi na msalaba ni Alpha Centauri, nayo na wenzake wanaozungukana ndio majirani wa karibu zaidi wa jua letu, miaka ya nuru 4 na theluthi. Chukua mti mrefu wa msalaba, kutoka kichwa hadi mguu, uurefushe mara nne na nusu kuelekea chini: hapo ndipo kitovu cha anga la kusini, na ukishuka kutoka hapo mpaka ardhini umepata kusini. Kwa Pangani kitovu hicho kiko nusu ngumi tu juu ya upeo.

Kuna msalaba mwingine unaopoteza watu. Aprili saa mbili usiku unasimama kusini ukiwa mkubwa na umepooza, wakati ule wa kweli bado umelala ubavu chini upande wa kusini-mashariki. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwaonyesha wanafunzi arobaini ule usio wenyewe, na mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona nyota mbili za kuuelekea hazipo?" Alikuwa sahihi. Usiku uliofuata nilirudi nao ufukweni nikasahihisha. Swali lake ndilo kipimo: hakuna nyota mbili kali kando yake, si msalaba wenyewe.

Suheli, nyota ya pili kwa kung'aa usiku, itafute kusini Februari saa mbili. Wazee wa baharini walipotaka kusema kusini walisema suheli, na ukiiona utaelewa ni kwa nini.

Agosti ni ya kundi la Nge. Karibu na utosi kuna nyota nyekundu, Antares, na mkia unaopinda kama ndoana. Wavuvi hawahitaji maelezo zaidi. Kutoka mkiani mwake unapita ukanda mweupe wa Njia ya Maziwa, ambao ni mamilioni kwa mamilioni ya nyota za galaksi yetu wenyewe, na sehemu ile iliyonenepa karibu na mkia ndiko kwenye kitovu cha galaksi.

Sayari na majina yake

Nyota humetameta, sayari hutulia. Nyota iko mbali hata ni tone tu la mwanga, na hewa inayotikisika inalichezesha. Sayari ina upana, mwanga wake haupepesuki kirahisi. Zuhura haiendi mbali na jua, ndiyo maana unaikuta magharibi jioni au mashariki alfajiri, kamwe si utosini usiku wa manane. Nyota ya alfajiri na nyota ya jioni ni hiyo hiyo moja.

Majina yamevurugika, na naomba tuyanyooshe. Vitabu nilivyosomea shuleni vilizitaja Sumbula na Sarateni kama sayari. Hizo ni buruji: Sumbula ni Mashuke, Sarateni, au Saratani, ni Kaa, makundi ya nyota ambamo jua na sayari hupita. Sayari ni Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, kisha Uranusi na Neptuni ambazo jicho tupu haliwezi kuzifuatilia. Na buruji zikitajwa, watu hukimbilia utabiri. Huo ni unajimu. Hapa tunapima na kuhesabu, nayo ni falaki.

Kuhusu vyombo, nitasema kwa ufupi. Niliwahi kununua teleskopu kwenye duka moja la jijini, boksi limeandikwa inakuza mara mia sita. Miguu yake ilitikisika kwa upepo mdogo tu na sikuona hata Zohali. Kwa fedha ile ningepata darubini nzuri ya macho mawili. Tafuta iliyoandikwa 7x50 au 10x50: namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na huo upana ndio unaokusanya mwanga. Egemeza viwiko kwenye ukuta, utaona miezi minne ya Mshtarii, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, ikibadilisha mahali kila usiku. Usielekeze darubini kwenye jua hata kwa sekunde moja. Jicho linaungua na halirudi.

Mchana nao una somo. Pangani, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita utosini kamili. Simamisha chupa kwenye sakafu iliyonyooka kuanzia saa sita na utazame kivuli kinavyojikunja mpaka kikamalizika chini ya chupa.

Na mwezi unaujua tayari kama umeishi pwani. Ukiandama, na ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa mstari mmoja, tunapata bamvua. Wanawake wanaochokoa pweza wanajua kwamba siku hizo maji hupwa mbali karibu na saa nne asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavuta kwake, tunapata maji mafu. Andika saa ya maji kupwa na umbo la mwezi kwa siku kumi na tano kwenye karatasi moja, na usiniamini mimi, amini karatasi.

Kilimia kikipotea Mei, usikiache. Katikati ya Juni amka saa kumi na moja na nusu alfajiri, baada ya adhana, ushuke ufukweni. Upepo wa kusi ni baridi, beba shuka. Anga linaanza kupauka upande wa mashariki, mitumbwi ya kwanza inasukumwa majini. Tazama kaskazini kidogo ya pale jua litakapotokea, ngumi moja juu ya maji, kwa pembeni ya jicho. Mwaka jana binti yangu alikiona kabla yangu.